Kilichomo Nyumbani

Leo tunalo jambo la kukiri kabla ya kufundisha, nalo lahusu nguo.

Somo letu ni 1 Samweli mlango wa 2, aya ya 18 na 19. Hapo twasoma habari za Hana, mama yake Samweli. Mtoto alikaa Shilo kwa kuhani Eli, na mama alikaa Rama. Kila mwaka alipopanda na mumewe kutoa dhabihu, Hana alimpelekea mwanawe kanzu ndogo aliyomtengenezea. Fikirini, ndugu. Mtoto hayupo nyumbani apimwe. Mama ameketi na kitambaa magotini, akijiuliza: sasa amefika kimo gani? Mabega yamepanuka kiasi gani? Ndani ya kanzu ile mlikuwa na mawazo ya mama ya mwaka mzima.

Sasa sikilizeni kisa chetu. Mwaka 2022 tulikuwa tukiwatayarisha vijana wa Entarara kwa kipaimara. Mtakumbuka mwaka ule ulivyokuwa hapa Kajiado. Mvua zilikuwa zimekosekana msimu baada ya msimu tangu mwisho wa 2020, na katika sehemu kame za Kenya mifugo zaidi ya milioni mbili ilikufa. Katika mwaka kama huo sisi, mchungaji na wazee wa kanisa, tulisimama mbele ya washirika tukatangaza kwamba kila msichana aje na gauni jeupe, jipya, la mtindo mmoja, kutoka kwa fundi tuliyemchagua, ili Askofu atukute nadhifu. Hatukuona ubaya. Tulidhani tunamheshimu Mungu.

Jumamosi iliyofuata wasichana watatu hawakuja darasani. Tukasema ni uvivu. Walipokosa tena, tulikwenda nyumbani kwa mmoja wao. Mama yake alitukaribisha, akatupa chai ya rangi, maana maziwa hayakuwapo. Nyumba ya Wamaasai bila maziwa! Tulipouliza habari za binti, aliinamisha kichwa akasema, "Baba Mchungaji, bei ya gauni lile ni mbuzi wawili kwa jinsi walivyokonda, nasi tumebakiwa na watatu."

Chai ile ilitukwama kooni. Ndipo tukamkumbuka nabii Elisha na yule mjane mwenye deni, katika 2 Wafalme mlango wa 4. Nabii hakuanza na kile alichokosa mjane; alianza na kile kilichomo nyumbani mwake. Nasi tukamwuliza mama yule vivyo hivyo. Akatazama huku na huku, akacheka kidogo. "Kuna shuka la kitanda, jeupe, tulilopewa arusini. Na hivi vitambaa vya viti."

Vitambaa hivyo mwavijua, maana sebule nyingi za Kenya zimepambwa navyo. Hivi vilitariziwa maua na mama mkwe wake, zamani alipojifunza sindano katika darasa la akina mama wa kanisa. Na ukutani palikuwa na picha ya huyo nyanya, au koko, kama wasemavyo Wamaasai, siku ya kipaimara chake mwenyewe. Gauni lake lilikuwa na kola ya duara, mikono iliyofura begani, kiuno kilichobanwa, na marinda mengi yaliyoshuka chini ya magoti. Binti akaitazama, akasema, "Nataka kama la koko."

Jirani yao alikuwa na cherehani. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika kiwanda kimoja cha nguo kule EPZ, Athi River, ambako nguo nyingi hushonwa za kupelekwa Marekani. Ama kweli ni ajabu: mama wa Kitengela hushona nguo mpya za watoto wa mbali, kisha jioni hupita sokoni akawanunulia wake mitumba iliyotoka huko huko. Na huyu jirani alishona mifuko ya suruali tu, siku zote. Gauni zima alikuwa hajapata kushona. Wakaketi wawili, picha mbele yao.

Na tuwaambie walivyofanya, huenda msikilizaji mmoja akahitaji. Kwanza walilifua shuka kwa maji ya moto, ili kama ni kurudi lirudi kabla ya kukatwa. Likiisha kukauka, waliliinua mlangoni mbele ya jua. Penye wembamba mwanga ulipita, nao wakapatia alama ya chaki. Katikati, walipolala watu miaka yote, palikuwa pamechakaa. Kandokando palikuwa pazima. Basi marinda yakatoka kandokando. Kola ikatoka katika vitambaa vya viti, maua yakiangalia nje. Chini wakaacha upindo mpana wa vidole vinne, gauni literemshwe binti akirefuka. Hana angewaelewa.

Jumapili iliyofuata tulisimama mahali pale pale tulipotangaza, tukaifuta amri yetu na kuomba radhi. Wasichana wote watatu wakarudi.

Siku ya kipaimara koko aliletwa, macho yake yamefunikwa na mtoto wa jicho. Baada ya ibada mjukuu alimwinamishia kichwa ili abarikiwe, kama ilivyo desturi. Mkono wa koko ukamgusa kichwani, kisha ukashuka hadi kwenye kola. Vidole vikasimama. Vikafuata uzi, jani kwa jani. Akasema, "Hii ni kazi yangu." Hakuna aliyekuwa amemwambia.

Jambo hili si la Entarara tu. Marekani, katika dhiki ya miaka ya 1930, akina mama walishona nguo za watoto kwa magunia ya unga, hata wenye vinu wakaanza kuyapiga chapa ya maua. Uingereza, nguo zilipouzwa kwa kuponi tangu 1941 hadi 1949, mapazia yaligeuzwa magauni. Penye upungufu, upendo hufungua sanduku.

Ndugu wapendwa, hatusemi kwamba umaskini ni mwema. Ng'ombe waliokufa hawakurudi. Wala wenye nacho wasiwape wenzao matambara na kuyaita sadaka. Lakini wewe mama unayeona haya kwa kuwa mtoto wako amevaa lililokuwa pazia, usione haya. Mkono uliolikata unamjua mtoto huyo. Na sisi tulio viongozi wa kanisa tujihadhari, tusije tukaweka bei mlangoni pa nyumba ambayo Bwana mwenyewe ameifungua bure.

Tuombe. Ee Bwana, utusamehe tulipowafungia watoto wako njia kwa ajili ya sura ya nje. Ubariki mikono ishonayo usiku. Utufundishe kukiona kilichomo nyumbani mwetu, na kukitoa kwa upendo. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.