Ubora wa Mwalimu na Ufaulu wa Fizikia: Nani Anafundisha Kidato cha Kwanza?



Mada niliyopewa inanitaka nieleze maana ya ubora wa mwalimu. Sitawachosha: ni kulimudu somo, kujua namna ya kulifundisha, na kuingia darasani. Upungufu wa walimu wa sayansi nao tunaujua tangu shule za kata zilipojengwa kwa kasi chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES), kuanzia mwaka 2004. Ajira ni suala la serikali kuu, na semina hii haina mamlaka nalo. Naomba tuzungumzie walimu tulio nao, na ratiba tunayoipanga wenyewe.

Katika shule nilizozipitia, kuanzia hapa Tunduma hadi Kamsamba, utaratibu ni uleule. Mwalimu mzoefu anapewa kidato cha tatu na cha nne, maana huko ndiko uliko mtihani wa NECTA wa kidato cha nne. Kidato cha kwanza na cha pili wanaachiwa kijana wa kujitolea aliyemaliza kidato cha sita juzi, au kiranja anawaandikia notisi ubaoni.

Kwa utaratibu tuliouzoea, Fizikia ni lazima hadi kidato cha pili, kisha mwanafunzi anachagua. Aliyefundishwa ovyo miaka hiyo miwili hafeli Fizikia ya kidato cha nne, kwa kuwa hataifanya kabisa. Asilimia ya ufaulu tunayoibandika ofisini inawahesabu waliobaki tu. Shule yaweza kufaulisha watahiniwa wake wote kumi na kumbe imewapoteza mia njiani. Nasema kwa heshima, maana wakuu wa shule wanapimwa kwa asilimia hiyohiyo, na wanaowapima tumo nao humu ukumbini.

Hata waliobaki hawakusalimika. Mada ya vipimo iko kidato cha kwanza. Anayeishika vernia kalipa kwa mara ya kwanza wiki chache kabla ya mtihani wa vitendo atafanya nini? Anakariri. Ameambiwa grafu ya penduli lazima inyooke, basi anapika data hadi inyooke. Mwalimu wake naye pengine alizipika hivyohivyo chuoni, na hapo ndipo vyeti vyetu vinapotudanganya.

Maabara ikikosekana, bado vipo vya kufundishia. Malori yanayopimwa ekseli kwenye mizani ya Mpemba ni somo zima la kani na presha. Kimondo cha Ndolezi, Mbozi, ni somo la densiti. Vinahitaji mwalimu anayelielewa somo lake kuliko notisi zake.

Napendekeza kila mkuu wa shule ampangie mwalimu wake bora wa Fizikia angalau mkondo mmoja wa kidato cha kwanza. Anayejitolea asiachwe peke yake. Aingie darasani pamoja na mzoefu. Vikao vya mafunzo endelevu ya walimu kazini (MEWAKA) vifanyike maabara, walimu wakipima wenyewe, bila kupika. Vitendo vianze kidato cha kwanza. Wathibiti ubora waulize kwanza ratiba ya kidato cha kwanza, kisha matokeo. Taarifa za ufaulu zionyeshe pia idadi ya walioliacha somo baada ya kidato cha pili. Halmashauri ziwape nyumba walimu wa sayansi wa bonde la Momba kabla hawajaandika barua ya uhamisho. Na narudia, ingawa nimeshalisema: mwalimu bora aanzie kidato cha kwanza. Ratiba za muhula ujao bado hazijabandikwa.