Ruhusa ya Tajiri



Tangu 2014, mgeni aliyeacha kazi Oman bila ya barua ya ridhaa ya tajiri wake alizuiliwa kurudi kwa miaka 2. Januari 2021 sharti hilo liliondolewa: mkataba ukimalizika, mfanyakazi akapata hiari ya kuhamia kwa tajiri mwengine, na tajiri akaweza kuajiri aliyeko huko huko, akaepukana na gharama za kuleta mtu. Lakini Oktoba 2023 wakuu wa huko walisitisha kugeuza viza ya matembezi kuwa ya kazi bila ya msafiri kutoka nchini kwanza.

Basi haki imo ndani ya mkataba. Kijana wa Unguja au Pemba aliyesafirishwa kwa maneno matupu ya wakala, atadai kwa hati gani? Sisi tunaitaka Serikali ihakikishe kila mkataba umesomwa kwa Kiswahili kabla ya safari.