Nzige na Barua Iliyochelewa
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama)



Tulipotakiwa kusema juu ya nzige, mwenzetu mmoja aliuliza: Nzige wana khabari gani na makarani wa Unguja, watu wa mikarafuu na minazi, ambao bahari imetuzunguka pande zote? Swali hilo si la kuchekwa, nasi twalijibu kwa kuifuata safari ya nzige wenyewe.

Mwezi wa Mei 2018 tufani iitwayo Mekunu ilipiga pwani ya Dhofari, Omani, na Oktoba ikafuata nyingine, Luban. Mvua ikanyesha katika jangwa la Rub' al Khali, mahali pasipokaa watu. Mchanga ukalowa, majani yakaota, na nzige wakazaa vizazi vitatu pasipo mtu wa kuwaona wala wa kuandika barua. Mwaka 2019 wakawa Yemen, wakavuka bahari, wakaingia Uhabeshi na Somalia. Na mwisho wa Desemba, kwa pepo za kaskazi, wakafika Kenya. Ni pepo zile zile zilizokuwa zikileta majahazi Unguja kutoka Maskati.

Kenya haikuwa imeona nzige wengi namna ile kwa miaka 70. Kundi lienealo kilometa moja ya mraba huweza kula kwa siku moja chakula cha watu 35,000. Humaliza mtama shambani, kisha malisho ya ngamia na ng'ombe. Wanavijiji walipiga madebe, lakini debe humhamishia nzige jirani tu.

Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, liliomba mapema mwaka 2020 msaada wa dola milioni 76. Kabla ya Februari kwisha, haja ilikuwa imefika milioni 138. Hapa twawaomba makarani wenzetu watue kidogo. Yai la nzige huanguliwa kwa majuma mawili hivi, na tunutu huota mbawa kwa majuma matano au sita. Huo ndio muda wa kumpiga dawa angali chini, akienda kwa miguu. Barua ikilala mezani miezi miwili ikingoja sahihi, sahihi hiyo yatiwa kwa ajili ya nzige waliokwisha ruka. Nasi sote twajua barua zilalavyo.

Lakini msaada wa mapema tumeuona katika nchi yetu wenyewe. Mwaka 2009 nzige wekundu walizaana kwa wingi katika mbuga za Iku na Katavi, kando ya ziwa Rukwa, na katika bonde la mto Malagarasi. Helikopta zilinyunyiza, si sumu, bali kuvu imwuayo nzige bila kumdhuru kiboko wala ndege, katika hekta kama 10,000. Balaa ikazuiwa pale pale. Hatusemi mambo haya mawili yalilingana kwa ukubwa. Twasema hili la pili lilishikwa mapema.

Na mwenzetu aliyeuliza, je, nyama anunuayo Darajani yatoka kwa ng'ombe wa wapi? Wengi huvushwa kutoka bara, na mapema mwaka 2021 makundi ya nzige yalionekana Simanjiro na Longido, nchi ya wafugaji.

Basi karani atakayeletewa na sheha khabari ya nzige, hata kwa mdomo, twamwomba aiandike siku ile ile, pamoja na jina la kijiji na upande waendako, aipeleke Wizara ya Kilimo bila kungoja nakala ya pili ipigwe chapa.