PANDA KWA KIPIMO CHA MAJI YAKO

Maneno ya Bwana Shamba mstaafu mbele ya Mkutano Mkuu wa wanachama, Dodoma, katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya Chama Kikuu



Nimepewa heshima ya kusema nanyi siku hii ambayo Chama chetu chatimiza miaka kumi. Waliotangulia wamesema juu ya bei, na mizani, na maghala, na madeni yaliyolipwa. Hayo wameyasema vema, wala sina la kuongeza. Mimi nimeombwa kunena juu ya jambo ambalo huenda likaonekana dogo mbele ya hayo, yaani miti, maua na majani tunayoyapanda kuzunguka nyumba zetu na majengo ya Chama. Lakini si dogo, kwa maana nyuma ya kila mmea kuna ndoo ya maji, na nyuma ya kila ndoo kuna mtu aliyeichota.

Mnajua jinsi mambo yalivyobadilika hapa kwetu. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa wingi mwaka 2016, na tangu mji ulipopewa hadhi ya jiji mwaka 2018, mashamba mengi ya kandokando yamepimwa viwanja. Mwanachama aliyekuwa na ekari chache za uwele leo ana kiwanja chenye hati, nyumba ya bati na ukuta. Na mtu akishapata nyumba hutaka kuipamba. Hilo si kosa, bali ni dalili ya maendeleo. Kosa ni kuyachukua mapambo ya watu wenye maji mengi na kuyaleta mahali penye maji machache. Hata katika mkutano huu kuna shauri mezani, kwamba uwanja ulio mbele ya ghala letu kuu upandwe ukoka na maua kwa ukumbusho wa miaka kumi. Shauri hilo nitalirudia mwishoni, baada ya kuwaeleza hesabu yake.

Tuanze na mvua. Dodoma hupata kiasi cha milimita 550 hadi 600 kwa mwaka. Mji wa London, Uingereza, ambao watu husema ni mji wa mvua daima, hupata karibu kiasi hicho hicho. Basi kwa nini kwao ni kijani na kwetu ni vumbi? Kwa sababu yao hunyesha kidogo kidogo mwaka mzima, chini ya jua hafifu. Yetu huanza Desemba na kuisha Aprili, tena huja kwa kishindo, ikapiga udongo mwekundu ulioganda, ikakimbilia korongoni kabla haijapenya. Kisha yafuata miezi saba ya jua na upepo. Maana yake ni kwamba kazi yetu ya kwanza si kuomba maji mengine. Ni kuyazuia yale tuliyopewa. Wazee walisema, maji yakimwagika hayazoleki. Nasi kila mwaka twayaacha yamwagike.

Sasa niwaungamie kosa langu, ili msidhani nasema kama mtu asiyekosea. Mwaka 2014 nilijenga nyumba karibu na bonde. Nikiwa Bwana Shamba wa miaka mingi, nilitaka watu waone mfano. Nikapanda mikaratusi arobaini ukingoni mwa bonde, na mbele ya nyumba nikapanda ukoka. Mikaratusi ilikua kwa haraka nikajisifu. Lakini kisima kifupi cha pale bondeni, ambacho zamani kilitoa maji hata mwezi wa Oktoba, mwaka wa nne kilikauka Agosti. Ni kweli mvua ya mwaka ule ilikuwa haba, nami nikashikilia sababu hiyo. Siku moja mama mmoja jirani alipita na ndoo tupu kichwani, akaniamkia kwa adabu, akasema, “Bwana Shamba, miti yako hunywa kabla ya watoto wetu.” Sikuwa na jibu. Nilikuwa nikiyajua mambo hayo kutoka vitabuni: kwamba mwaka 1995 Afrika Kusini ilianza kazi kubwa ya kuondoa miti ya kigeni inayokunywa maji mengi katika vyanzo vyake, na kwamba mwaka 2009 Serikali ya Kenya iliagiza mikaratusi iliyo karibu na vyanzo vya maji iondolewe. Niliyajua, lakini sikuyatenda. Mikaratusi ile niliikata nikauza nguzo. Mkaratusi una kazi yake mahali pake, wala simtukani mtu aliyeupanda kwa ajili ya nguzo. Lakini mahali pake si kando ya kisima.

Tokea siku ile nimeshika kanuni moja: kwanza pima maji yako, ndipo uchague mmea. Kuna hesabu nyepesi ambayo kila mwanachama aweza kuifanya. Mvua ya milimita 1 ikianguka juu ya mita 1 ya mraba hutoa lita 1 ya maji. Basi bati la nyumba yenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 8 ni mita za mraba 80. Kwa mvua ya milimita 550, juu yake huanguka lita 44,000. Tukiondoa sehemu moja ya tano iliyopotea kwa jua na kwa kumwagika, zabaki lita zipatazo 35,000, yaani ndoo 1,750 za lita 20. Maji hayo yote huanguka juu ya nyumba ya mtu ambaye mkewe na binti zake huenda mbali kuchota.

Si kila mtu aweza kununua tangi la kuyaweka yote. Lakini tazameni tangi moja la lita 5,000. Likijaa mwisho wa mvua, latosha ndoo moja kila siku tangu Mei hadi Novemba. Ndoo moja kwa siku ni ndoo saba kwa juma, na mche mchanga wa mti unaostahimili ukame, ukipandwa vizuri, hutosheka na ndoo moja kwa juma. Kwa hiyo tangi hilo laweza kuvusha miche saba katika kiangazi kizima. Sasa linganisheni na ukoka. Katika kiangazi ukoka huhitaji kiasi cha lita 5 kwa mita moja ya mraba kila siku ili ubaki kijani. Uwanja wa mita 10 kwa 10 wahitaji lita 500 kwa siku, ndoo 25. Tangi lile lile litakwisha kwa siku kumi. Kwa upande mmoja mna vivuli saba vitakavyodumu hata kwa wajukuu. Kwa upande wa pili mna siku kumi za majani mabichi.

Maji yasiyoingia tangini nayo yasiachwe. Wengi wetu huinua matuta ya maua na kuyazungushia mawe, kama tulivyoona penye mvua nyingi. Huku kwetu yafaa kinyume chake: mmea ukae katika kisahani, chini kidogo ya ardhi iliyouzunguka, ili maji yauendee wenyewe. Mwenye kiwanja cha mteremko achimbe makinga maji ya kukata mteremko, mitaro mifupi yenye tuta upande wa chini, na miti aipange kandokando yake. Badala ya kusakafia ua wote kwa saruji, abakize udongo unaoweza kunywa.

Nawashauri pia mgawe kiwanja sehemu tatu kwa kipimo cha maji. Sehemu ya kwanza ni karibu na jiko na bafu, yanakomwagwa maji ya kuoshea vyombo na ya kuogea. Hapo pandeni migomba michache na mipapai, maana hiyo hupenda kunywa kila siku na maji hayo hayana gharama. Msimwage tu maji yenye dawa kali, wala msiyatie juu ya mboga zinazoliwa mbichi. Sehemu ya pili ni katikati ya ua, penye miti itakayotunzwa kwa ndoo miaka miwili ya kwanza, kisha ijitegemee. Sehemu ya tatu ni mipakani, ambako hapatiwi maji kamwe ila ya mvua.

Kwa sehemu ya pili, mkwaju ni mti wa heshima: hukua polepole, lakini kivuli chake ni kizito na ukwaju wake una soko. Mwarobaini hukua upesi na huwa kijani wakati miti mingine imepukutika. Mlonge hutoa majani ya kitoweo, na mkunazi hutoa matunda katika ardhi ngumu. Mwembe nao hustahimili kiangazi ukishazamisha mizizi, ila uchanga wake wataka subira na maji. Mwenye shamba nje ya mji asiusahau mkababu, wa jamaa ya migunga. Mti huu una tabia ya ajabu: hupukutisha majani wakati wa mvua, hivyo mtama ulio chini yake hupata mwanga, na huwa na majani wakati wa kiangazi, mifugo ikapata kivuli na maganda ya kula.

Kwa sehemu ya tatu kuna mkonge, na mnyaa ambao wazee wetu waliufanya boma tangu zamani. Mnyaa hushika hata kwa kipande cha tawi kilichochomekwa. Lakini utomvu wake ni hatari kwa macho, basi asiukate mtoto, na mtu mzima aukate kwa uangalifu.

Hapa natoa onyo. Kustahimili ukame pekee si sifa ya kutosha. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mti uitwao mathenge ulipandwa Baringo nchini Kenya ili kuzuia jangwa. Ulistahimili kweli, kisha ukatapakaa, ukaziba malisho na njia, maganda yake yakaharibu meno ya mbuzi, hata wenyeji wakaenda mahakamani. Kabla ya kupanda mti mgeni, ulizeni umetenda nini kwa jirani.

Tena mti bora kuliko wote pengine umo tayari ardhini mwenu. Katika vijiji vyetu kuna kazi iitwayo Kisiki Hai. Mkulima hachimbi shimo wala hanunui mche. Hutafuta kisiki kinachochipua, huchagua machipukizi machache yenye nguvu, hupogoa mengine, huweka alama, na huzuia mifugo. Kwa kuwa mizizi ya zamani ingali chini, mti huo hauombi maji kwa mtu. Katika nchi ya Niger, ambayo ni kame kuliko sisi, wakulima wamerudisha miti kwa njia ya namna hii katika hekta zipatazo milioni 5 tangu miaka ya 1980. Basi mwenye kiwanja kipya asimruhusu dereva wa greda kukwangua kila kisiki, kisha aende sokoni kununua miche.

Juu ya upandaji nitasema machache. Chimbeni shimo kabla ya mvua, changanyeni samadi iliyooza, pandeni mvua zikishashika. Funikeni udongo kwa matandazo ya nyasi au mabua, lakini yaacheni mbali na shina kwa upana wa kiganja, ili mchwa wasipate daraja. Mwenye mtungi wa udongo usiotiwa rangi aufukie kando ya mche hadi shingoni, aujaze maji na kuufunika. Maji hupenya polepole na mizizi huyafuata; jua haliyaoni. Wachina waliiandika hila hiyo yapata miaka 2,000 iliyopita, na mitungi yetu yaiweza vile vile.

Bwana Mwenyekiti, narudi kwenye shauri la uwanja. Bati la ghala letu kuu lina mita za mraba zisizopungua 360. Kwa hesabu ile ile, kila mwaka zaidi ya lita 150,000 hutiririka kutoka juu yake na kuchimba korongo nyuma ya ofisi, korongo ambalo mwaka jana tulilijaza mawe kwa fedha za wanachama. Naomba fedha iliyotengwa kwa ajili ya ukoka inunue mifereji ya bati na tangi. Mbele ya ghala ipandwe mikwaju na miarobaini, mti mmoja kwa kila chama cha msingi, na kila chama kiutunze wake. Nyuma yake iwe bustani ya miche, ili mwanachama aletaye alizeti arudi na mche mkononi.

Najua wako watakaosema kwamba miche midogo haitapendeza katika picha za sherehe. Ni kweli, mwaka huu haitapendeza. Lakini wakulima wataendelea kuja hapa kupima mazao yao, nao husimama juani kwa saa nyingi wakingoja zamu. Siku ya kutimiza miaka ishirini wangojao watakuwa chini ya kivuli, wala hapatakuwa na mama hata mmoja atakayepita penye uzio wetu na ndoo tupu akiona maji yakimwagwa juu ya majani.

Mimi mwenyewe nimekwisha kuung'oa ukoka wa nyumbani kwangu. Mahali pake pana mikwaju mitatu. Bado ni mifupi, na ninapoketi alasiri kivuli chake chanifika magotini tu. Lakini kisima cha bondeni mwaka uliopita kilitoa maji hata Septemba, na yule jirani hupita akiniamkia bila ya neno la pili.

Naliweka shauri hili mikononi mwenu. Chama chetu kidumu.