Mshika Matatu

Jumapili iliyopita nilipanda Old Moshi kumsalimu shangazi. Kijana wa jirani akaniletea madaftari matatu: mashairi, hadithi ya nchi iliyo mawinguni juu ya Kibo, na maisha ya bibi yake, mkulima wa kahawa. Ashike lipi? Nikamjibu kiutu uzima: “Chagua moja, mwanangu. Mshika mawili moja humponyoka.”

Usiku usingizi ulinipaa. Nilimkumbuka Shaaban Robert, mzaliwa wa Tanga, karani wa serikali ya kikoloni. Alitunga mashairi na tenzi. Mwaka 1951 alitoa Kusadikika, hadithi ya nchi iliyo angani. Tena aliandika wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa Zanzibar, aliyewahi kuzungumza naye kabla bibi huyo hajafariki mwaka 1950. Shaaban mwenyewe alifariki mwaka 1962. Alishika matatu, na hakuna lililomponyoka.

Alfajiri nilimrudia kijana. “Jana nilikosea. Andika yote, ila anza na la bibi. Nchi ya mawinguni itakungoja, bibi hangoji.”

Nawe msikilizaji, bibi yako je, nani anamwandika?