Mchungaji na Mtu Aliyechoka Maisha

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama)



Nimeombwa kusema jinsi wachungaji wawezavyo kuwasaidia waumini waone tena maana ya maisha. Mimi si mchungaji. Ni karani niliyestaafu. Lakini mgonjwa naye ana neno la kumwambia mganga, na ugonjwa huu niliuugua mwenyewe.

Nilipotoka kazini niliendelea kuamka alfajiri, nikavaa koti, kisha nikakumbuka kuwa sina pa kwenda. Jumapili niliketi kanisani mahali pangu pa siku zote. Mchungaji aliniuliza habari mlangoni, nikajibu, "Njema," naye akaamini. Miezi tisa ikapita hivyo.

Ndipo nilipowakumbuka watumishi wenzetu wa zamani. Simeoni Nsibambi wa Uganda alikuwa mtumishi wa Serikali katika idara ya afya. Mwaka 1929, huko Namirembe, alikutana na daktari Mwingereza, Joe Church, aliyetoka hospitali ya Gahini, Rwanda, hali amechoka kwa kazi na kwa njaa kubwa iliyoipiga nchi ile. Wakakaa pamoja wakisoma Biblia na kuomba, wala hapakuwa na bwana na mtumwa kati yao. Baadaye Nsibambi aliiacha kazi yake, akawa mtu wa kuwaendea watu na kuwauliza hali ya mioyo yao. Huo ndio mwanzo mmoja wa Uamsho wa Afrika Mashariki, ambao kabla ya mwaka 1940 ulikuwa umekwisha kufika Kenya na Tanganyika.

Katika habari hizo naona mafundisho matatu.

La kwanza, mchungaji amsikilize mtu mmoja mmoja. Yosiya Kinuka, mkubwa wa wahudumu wa hospitali ya Gahini, hakuwa na furaha katika kazi yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 alikwenda Kampala kumwona Nsibambi, akarudi amebadilika. Hospitali ilikuwa ile ile, na wagonjwa wale wale. Aliyekuwa mpya ni mtu.

La pili, mchungaji asione haya kuungama. Watu wa Uamsho walitaja makosa yao mbele ya wenzao, wakarudisha mali ya watu, wakapatana na mahasimu wao. Mchungaji ajifanyaye hana doa huwafumba waumini vinywa. Hata hivyo bidii nayo yataka busara: mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa katika chuo cha wachungaji cha Mukono kwa sababu ya ugomvi uliozuka juu ya Uamsho. Moto usiomwagiwe maji, wala usiachwe uunguze nyumba.

La tatu, mtu apewe kazi ya kufanya. Mmoja wa wale waliofukuzwa, William Nagenda, alikuwa karani wa Serikali kule Entebbe kabla hajawa mhubiri mashuhuri. Ujuzi wa karani haufi siku anapokabidhi funguo za ofisi.

Hilo nalijua kwa nafsi yangu. Mchungaji mwingine alikuja nyumbani kwangu bila taarifa, akaketi kimya hata nikasema yote. Juma lililofuata akaniletea mjane asiyejua kuandika, aliyekuwa akidai malipo ya marehemu mumewe. Nikaiandika barua ile, nikaifuatia katika ofisi tatu. Siku mama yule alipolipwa, nililala usingizi ambao sikuupata tangu niache kazi.

Ndugu zangu, wako wenzetu waliostaafu ambao sasa wanajibu "Njema" mlangoni. Naomba chama chetu kiandike majina yao, na kiyapeleke kwa wachungaji, na kwa masheikh pia, kwa kuwa uchovu huu haubagui dini. Nasi tusiwaachie wao peke yao. Jioni ya leo kila mmoja apite kwa mzee mmoja, aketi, asikilize.