Sukari, Saratani na Saumu

Mzee wetu mmoja hapa Uingereza, mwenye kisukari na anayetibiwa saratani, alituuliza: "Sijala tangu daku, mbona sukari imepanda?" Sababu ni deksamethasoni, steroidi itolewayo pamoja na tibakemia kuzuia kichefuchefu, hupandisha sukari hata tumbo likiwa tupu. Naye akitapika ilhali amejidunga insulini, sukari huporomoka. Mgonjwa wa namna hii Mola amemruhusu kula: akipona atalipa, asiyetarajiwa kupona atalisha maskini mmoja kwa kila siku. Aliyeshikilia kufunga na apime. Kutoboa kidole hakubatilishi saumu. Ikishuka chini ya 3.9 au kupita 16.7, afungue papo hapo, hata zikisalia dakika kumi kuadhiniwa Magharibi.